Nani Aliyeirefusha Njia ya Mwongo?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Methali hii niliisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliiamini bila kuihoji. Nilipoingia katika kazi ya uandishi wa habari ndipo nilipoanza kuitilia shaka, maana niliwaona waongo waliotembea mwendo mrefu sana, wengine mpaka wakastaafu kwa heshima na kuagwa kwa ngoma. Siku hizi naamini kwamba wahenga hawakukosea. Njia ya mwongo ni fupi kweli, lakini yuko mtu anayeirefusha. Katika makala haya nataka kumsema mtu huyo, wala sina haja ya kumtafuta mbali, kwa kuwa niliwahi kuwa yeye.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mwandishi wa mkoani wa gazeti moja, katika mojawapo ya mikoa ya kusini inayolima korosho. Msimu ule wakulima walikuwa wamekwisha kupeleka korosho zao kwenye vyama vya msingi, wakapewa stakabadhi, wakaambiwa wasubiri. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, manung'uniko yakawa makubwa. Ndipo kiongozi mmoja alipofanya ziara ya wilaya, nami nikachukuliwa katika msafara wake. Nilipanda Land Rover yake, nikala pilau iliyopikwa kwa ajili yake, na jioni nikapewa dakika ishirini za kumhoji barazani. Nilimwuliza swali moja tu lililokuwa na maana: wakulima watalipwa lini? Alinijibu bila kusita kwamba fedha zilikwisha kuingia benki tangu juzi, na kabla ya juma kwisha kila mkulima angekuwa na chake mkononi.

Karani wa ushirika alikuwa amesimama nyuma yake. Niliona jinsi alivyoinamisha macho. Tawi la benki lilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua zisizozidi mia mbili, na kesho yake tulikaa pale mpaka saa nne asubuhi tukingoja gari litiwe mafuta. Benki ilikuwa wazi. Sikumwuliza karani, wala sikuvuka barabara. Niliandika kwamba fedha za korosho zipo benki, nikaweka neno "amesema" pamoja na jina na cheo cha msemaji, nikaituma habari. Ilitoka ukurasa wa kwanza.

Baada ya miezi mitano hivi, mzee mmoja aliingia ofisini kwangu na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe mwenye jina hili?"

Nikakubali. Akaketi, akanieleza pole pole. Alikuwa amekwenda na gazeti lile kwa mwenye duka kijijini kwao, akakopa fedha za kumpeleka mjukuu wake shule ya sekondari. Mwenye duka aliposoma habari ile alikubali kumkopesha. Fedha za korosho hazikuja juma lile wala mwezi ule. Hatimaye mwenye duka alichoka kungoja, akaichukua baiskeli ya mzee.

Nilimjibu kama nilivyofundishwa. Nikasema, "Mzee, mimi sikuandika kwamba fedha zipo. Niliandika kwamba yeye amesema zipo."

Akalitazama gazeti, kisha akanitazama mimi. "Mwanangu, huyo aliyesema mimi simjui, na mwenye duka hamjui. Sisi tuliliamini gazeti."

Hakunitukana wala hakudai kitu. Aliacha kile kipande mezani, akaondoka kwa miguu.

Jibu la mzee huyo limekaa nami mpaka leo. Kila nilipopata nafasi ya kusoma historia ya kazi yetu nilitafuta kama wako wengine waliojificha nyuma ya neno "amesema", na nikagundua kwamba kosa langu lina ukoo mrefu. Mfano ulio wazi kuliko yote niliyoisoma ni wa Marekani, katika miaka ya 1950 hadi 1954. Nauleta mfano wa mbali kwa makusudi. Sisi tulikuwa tukijitetea kwa hofu ya wakubwa, uhaba wa karatasi, na simu zisizofanya kazi. Wenzetu wale walikuwa na katiba inayowalinda, magazeti tajiri, na simu kila meza. Hata hivyo walidanganyika, au tuseme walikubali kutumiwa, kwa muda wa miaka minne.

Tarehe 9 Februari 1950, seneta wa jimbo la Wisconsin aitwaye Joseph McCarthy alikihutubia chama cha wanawake wa Republican katika mji wa Wheeling, West Virginia. Alichaguliwa mwaka 1946, na mpaka siku ile hakuwa na jina kubwa. Lakini wakati ulikuwa wake. Mwaka uliotangulia Urusi ya Kisovieti ilikuwa imelipua bomu lake la kwanza la atomiki, na Wakomunisti walikuwa wameshika madaraka Uchina. Majuma machache tu kabla ya hotuba hiyo, Alger Hiss, aliyekuwa ofisa wa Wizara ya Mambo ya Nje, alitiwa hatiani kwa kusema uongo chini ya kiapo. Wananchi walikuwa na hofu, na mwenye hofu hutafuta mtu wa kumwonyesha mchawi. McCarthy alijitokeza. Alisema anayo orodha ya watu 205 walio Wakomunisti, ambao bado wanafanya kazi katika Wizara hiyo.

Mwandishi wa gazeti la pale mjini aliiandika idadi hiyo, na shirika la habari la Associated Press likaisambaza kwa mistari michache. Kesho yake, McCarthy alipokuwa akibadilisha ndege Denver, waandishi walimwomba orodha. Akawaambia ameiacha ndani ya suti yake, nayo imo katika mizigo kwenye ndege. Gazeti moja la huko lilichapa picha yake akipekua mkoba. Jioni hiyo hiyo, katika mji wa Salt Lake City, hesabu ilikuwa imebadilika: sasa walikuwa 57. Tarehe 20 Februari alisimama katika Seneti akazungumzia kesi 81. Kwa muda wa siku 11 alikuwa ametaja idadi tatu, na hakuna aliyeuona mwisho wa orodha wala mwanzo wake. Baadaye alikana kwamba aliwahi kutaja 205. Redio ya Wheeling ilikuwa imerekodi hotuba yake, lakini baada ya kuitangaza ilikuwa imeifuta kanda.

Ndugu msomaji huenda akauliza: je, wale waandishi wangewezaje kujua? Hapo ndipo habari inapouma. Namba 205 haikutoka mbinguni. Mwaka 1946 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, James Byrnes, alikuwa amemwandikia barua mbunge mmoja akimweleza jinsi watumishi wapya walivyochunguzwa. Alisema watumishi 284 walikuwa wamependekezwa wasipewe kazi ya kudumu, na 79 kati yao walikuwa wamekwisha kuachishwa. Toa 79 katika 284, unabaki na 205. Hiyo ndiyo "orodha". Ilikuwa hesabu ya kutoa ambayo mtoto wa darasa la tatu angeiweza, imefanywa juu ya barua ya miaka minne nyuma, isiyokuwa na jina hata moja, na isiyosema kwamba watu hao walikuwa Wakomunisti. Tena barua yenyewe ilikuwa imechapwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge la Marekani. Nayo ile 57 ilitokana na ripoti ya zamani ya kamati ya bunge. Benki, kwa maneno mengine, ilikuwa ng'ambo ya barabara.

Lazima tuwe waadilifu. Wapelelezi wa Kisovieti walikuwapo kweli katika serikali ya Marekani, na nyaraka za siri zilizofunguliwa mwaka 1995 ziliondoa shaka iliyokuwa imebaki. Kwa hiyo hofu ya wananchi haikuwa ndoto tupu. Lakini jambo hili halimtakasi McCarthy. Uongo ulio hatari zaidi ni ule unaopanda mgongoni mwa jambo la kweli. Mtu akikuambia mjini kuna wezi, amesema kweli. Akisema jirani yako ni mwizi na orodha ya wezi anayo mfukoni, basi mwambie aitoe.

Kwa nini hawakumwambia aitoe, au walipomwambia na asiitoe, kwa nini waliendelea kuichapa? Sababu yao ilikuwa ya kiungwana, na ndiyo inayonitisha. Waandishi wa mashirika ya habari walikuwa wamelelewa katika kanuni kwamba mwandishi hatoi maoni yake. Seneta akisema jambo, kusema kwake ni tukio, na tukio huripotiwa. Kama maneno yake ni ya uongo, atatokea mwingine wa kuyakanusha, na kanusho nalo litaripotiwa kesho. Mwandishi hupima tu kama ameyanukuu maneno sawasawa. Kanuni hii ni nzuri kwa mahojiano na mtu mkweli. Kwa mwongo ni zawadi.

McCarthy aliielewa zawadi hiyo kuliko waliompa. Alijua saa ambazo magazeti ya mchana yalifungwa kwenda mitamboni. Alitoa tuhuma zake dakika chache kabla ya saa hizo, wakati ambapo mwandishi alikuwa na nafasi ya kuituma habari lakini hakuwa na nafasi ya kumtafuta mtuhumiwa. Mara nyingine aliwaita waandishi asubuhi, akawaambia kwamba mchana atakuwa na jambo zito la kutangaza. Magazeti yakachapa kwamba McCarthy anatarajiwa kutoboa siri mpya. Mchana ulipofika akawaambia shahidi hajapatikana. Magazeti yakachapa tena kwamba ushahidi umechelewa. Kwa hila hiyo alipata vichwa viwili vya habari katika siku moja, na hakuwa amesema lolote. Kanusho lilipokuja siku ya pili au ya tatu, lilichapwa ukurasa wa ndani, na msomaji alikuwa amekwisha kuliweka gazeti la kwanza moyoni mwake, kama yule mwenye duka.

Madhara yake hayakuwa ya maneno tu. Kamati ya Seneti chini ya Millard Tydings ilichunguza tuhuma zile, na Julai 1950 wajumbe wake walio wengi wakaziita ulaghai. Novemba mwaka huo huo Tydings alishindwa uchaguzi huko Maryland, baada ya kusambazwa picha ya kuunganisha iliyomwonyesha kana kwamba anazungumza na mtu aliyewahi kuwa kiongozi wa Wakomunisti wa Marekani. Mwaka 1953 McCarthy, akiwa sasa mwenyekiti wa kamati yake mwenyewe, aliigeukia Sauti ya Amerika, redio ambayo wengi wetu huku tuliizoea baadaye kwa matangazo yake ya Kiswahili. Machi mwaka huo mhandisi mmoja wa redio hiyo, akihofia kwamba zamu yake ya kuandamwa imefika, alijitupa mbele ya lori. Aliiachia familia yake barua akisema hakuwa amefanya kosa. Mimi kila ninapofikiri habari hii naiona baiskeli ya mzee yule, nami naona aibu kwamba bei yangu ilikuwa ndogo tu kwa bahati.

Si waandishi wote waliolala. Mchora katuni Herbert Block, aliyekuwa akitia sahihi ya Herblock, aliandika neno "McCarthyism" katika katuni yake ya Machi 1950, ukiwa haujatimia hata mwezi wa pili tangu hotuba ya Wheeling. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa gazeti la Milwaukee Journal, la jimbo lake McCarthy mwenyewe. Wahariri wake walifanya jambo dogo lisilo na makeke. Kila ilipokuja habari yenye dai la McCarthy ambalo wao walikuwa na ukweli wake, waliuweka ukweli huo kwenye mabano, ndani ya habari ile ile, karibu na dai lenyewe. McCarthy amesema hivi. Mabano: kumbukumbu zinaonyesha vile. Hawakumtukana, wala hawakuongeza kivumishi. Hawakungoja mpaka kesho. Kwa mabano yale machache waliifupisha njia aliyoirefusha mwenye "amesema".

Edward R. Murrow alifanya kazi ya namna hiyo kwa televisheni. Usiku wa tarehe 9 Machi 1954, katika kipindi chake cha nusu saa kiitwacho See It Now cha shirika la CBS, alimwonyesha McCarthy kwa filamu za McCarthy mwenyewe. Shirika lilikataa kukitangaza kipindi hicho magazetini, na Murrow na mwenzake Fred Friendly walilipia tangazo kwa fedha zao. Ndani ya kipindi ilikuwamo filamu ya McCarthy akimhoji ofisa mmoja, Reed Harris, juu ya kitabu alichokiandika ujanani mwaka 1932. Katika mahojiano hayo McCarthy alidai kwamba Umoja wa Kutetea Uhuru wa Raia wa Marekani, uliowahi kumpatia ofisa huyo wakili, umeorodheshwa kuwa wakala wa Wakomunisti. Murrow aliisimamisha habari hapo, akaeleza kwamba orodha ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali haikuwahi kuutaja umoja huo. Dai, kisha ukweli wake. Ni mabano yale yale ya Milwaukee, ila sasa yalikuwa na sauti.

Murrow alimpa McCarthy nafasi ya kujibu, naye akajibu tarehe 6 Aprili. Mwezi huo huo vikaanza vikao vya hadhara baina yake na Jeshi, vilivyoonyeshwa katika televisheni mpaka Juni, na Wamarekani wakamwona kwa macho yao. Tarehe 2 Desemba 1954 Seneti ilimkemea rasmi kwa kura 67 dhidi ya 22. Alifariki Mei 1957, akiwa na umri wa miaka 48. Wengi humpa Murrow sifa ya ushindi wote. Nionavyo mimi, sifa anastahili, lakini tusisahau kalenda: kutoka Wheeling mpaka kipindi kile ni miaka minne na mwezi mmoja. Methali ilitimia, ila ilichelewa kwa sababu wako waliokuwa wakiisukuma mbele njia ya mwongo kila siku asubuhi na mchana.

Mpaka hapa nimesema juu ya kuripoti. Je, ana kwa ana, pale mwandishi na mwanasiasa wanapoketi viti viwili vinavyotazamana, wajibu ni upi? Katika hili nimejifunza kwa mahojiano ya mwaka 1977 baina ya David Frost, Mwingereza, na Richard Nixon, aliyekuwa Rais wa Marekani. Nixon alijiuzulu Agosti 1974 kwa sababu ya kashfa ya Watergate, na mwezi uliofuata mrithi wake akamsamehe makosa yote, hivi kwamba hapakuwa na mahakama ya kumhoji. Frost alimlipa dola 600,000, na kwa hilo alilaumiwa, nami nawaunga mkono waliomlaumu. Mwenye kulipwa kwa majibu yake ana sababu ya kuyauza. Wenye uzoefu walimdharau pia kwa kuwa alijulikana zaidi kwa vipindi vya burudani.

Walirekodi zaidi ya saa 28. Mara nyingi Nixon alitawala mazungumzo. Alipoulizwa swali fupi alitoa hadithi ndefu, kama wafanyavyo wakubwa wengi wenye dakika za kupoteza. Lililobadili mambo lilikuwa karatasi. Mmoja wa wasaidizi wa Frost, James Reston mdogo, alikwenda Washington akakaa na majalada ya kesi za Watergate, akapata maandishi ya mazungumzo ya Nixon na msaidizi wake Charles Colson ambayo hayakuwa yamejulikana kwa watu wengi. Mazungumzo mojawapo yalikuwa ya tarehe 20 Juni 1972, siku tatu tu baada ya wezi kukamatwa katika jengo la Watergate. Nixon alikuwa akishikilia kwamba jitihada za kuificha kashfa alizifahamu tarehe 21 Machi 1973. Siku ya kuzungumzia Watergate, Frost aliyatumia maandishi hayo, akamsomea maneno yake mwenyewe pamoja na tarehe. Alimwuliza kwa adabu, lakini hakukubali kuondoka kwenye swali. Mahojiano ya siku hiyo yalionyeshwa Mei 1977 na kutazamwa na mamilioni ya watu. Nixon hakukiri kosa la jinai, lakini alikiri kwamba aliiangusha nchi yake. Maneno hayo hakuna aliyeweza kuyapata kwake kabla ya siku ile.

Nimeyafikiri sana mahojiano hayo, nikayalinganisha na dakika zangu ishirini za barazani. Frost hakuwa mkali kuliko mimi. Tofauti ni kwamba yeye aliketi akijua, mimi niliketi nikingoja kuambiwa. Anayekwenda kumhoji mwongo bila kujua jambo lolote huwa amekwenda kumbebea mzigo. Mwanasiasa huyatambua hayo mapema: hutazama mikono yako, akiiona mitupu hujaza anachotaka.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Kwanza, watasema kwamba mwandishi si hakimu. Ni kweli, wala simtaki awe hakimu. Wahariri wa Milwaukee hawakumhukumu McCarthy. Walimpa msomaji vitu viwili badala ya kimoja, ili msomaji ahukumu mwenyewe. Anayempa msomaji dai peke yake, hali anao ukweli wake au angeweza kuupata kwa kuvuka barabara, ndiye aliyehukumu, kwa kuwa ameupendelea upande mmoja kwa kunyamaza.

Pili, watasema juu ya adabu. Sisi tumelelewa kutomkatiza mkubwa. Hata mimi siipendi namna ya wahoji wanaofoka ili waonekane mashujaa, maana mara nyingi mwongo hupata huruma ya watazamaji na kutoka mshindi. Lakini adabu haikukataza swali la pili. Ningeweza kusema, "Samahani, mheshimiwa, fedha hizo ni kiasi gani, na ziliingia tawi lipi?" Hakuna mzee yeyote wa kwetu ambaye angeniona mtovu wa adabu. Na kama mheshimiwa angekasirika, hasira yake ingekuwa habari.

Tatu, na hili ndilo zito, watasema juu ya hofu. Silipuuzi. Zamani zile gazeti lilikuwa na wenyewe, na mwenye kuuliza sana aliweza kujikuta amehamishiwa idara asiyoijua. Lakini nikijihoji kwa ukweli, siku ile sikuogopa. Hakuna aliyenitisha. Nilishiba pilau, nilifurahia kupanda gari la mkubwa, na nilitaka habari ya ukurasa wa kwanza. Wengi wetu tunaisingizia hofu makosa yaliyofanywa na uvivu na njaa ya sifa. Siku hizi kuna na bahasha, ambayo mwandishi huiita nauli au posho ili isimwunguze mkononi.

Siku hizi pia mwanasiasa hamngoji tena mwandishi. Maneno yake yanaruka moja kwa moja hewani, yanapita katika simu za watu kabla mhariri hajaamka. Wako wanaosema kwamba kwa hiyo wajibu wetu umepungua. Mimi naona umezidi. Kama kila mtu anaweza kuyasikia maneno ya mkubwa bila gazeti, basi gazeti linalorudia tu kwamba amesema halina kazi duniani. Kazi pekee iliyobaki ni ile ya mabano: kuvuka barabara, kuuliza benki, na kurudi na jibu kabla mwenye duka hajatoa mkopo.

Kile kipande cha gazeti bado ninacho. Mikunjo minne imekwisha kuwa matundu, na jina langu limefifia kuliko maneno mengine. Baada ya mzee kuondoka nilipeleka habari ya pili, kwamba wakulima walikaa miezi mitano bila kulipwa, na kwamba habari yangu ya kwanza haikuwa ya kweli. Mhariri aliichapa sehemu yake ya kwanza, ukurasa wa sita. Ile ya pili, iliyonihusu mimi, aliikata, akisema haina umuhimu kwa msomaji. Msomaji ninayemjua mimi angeiona kuwa na umuhimu. Kwa sababu hiyo nimeiandika hapa.